Humphry Davy: Mkemia aliyewapa wachimbaji taa isiyolipua gesi

BETRI ya maji inayochajiwa kwa sola, mtambo wa biogesi uliojengwa nyuma ya zizi, mtungi wa gesi jikoni na madumu ya petroli ya mashine za boti. Mtu anayezunguka Pemba kutoka Mkoani hadi Micheweni hahitaji kutafuta sana ili avione vitu hivi. Vyote vina jambo moja linalofanana: vinaweza kutoa gesi au mvuke unaoshika moto, na kiza kinapoingia mwenye navyo hulazimika kuvikaribia akiwa na taa mkononi.

Taa gani basi iingizwe mahali penye gesi? Swali hilo liliwahi kugharimu maisha ya mamia ya watu nchini Uingereza kabla ya kupata jibu mwaka 1815. Aliyelijibu ni Sir Humphry Davy, mkemia ambaye wakulima nao wana deni kwake, kwa kuwa alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuipeleka kemia shambani.

Maisha yake yanafaa kusomwa upya wakati huu ambapo dunia inaizungumzia haidrojeni kama mafuta ya kesho. Jibu alilolitoa ndilo linalotumika hadi leo katika taa za vituo vinavyotengeneza na kuhifadhi gesi hiyo. Kosa lililofanywa baada ya yeye kulitoa nalo lingali linarudiwa.

Mtoto wa mchonga mbao

Davy alizaliwa Desemba 17, 1778 katika mji wa Penzance, mkoani Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza. Ni mji wa pwani uliojulikana kwa uvuvi na kwa migodi ya bati na shaba iliyouzunguka. Baba yake, Robert Davy, alikuwa mchonga mbao ambaye kipato chake hakikuwa cha uhakika. Alipofariki mwaka 1794 alimwachia mkewe Grace watoto watano na madeni. Humphry ndiye aliyekuwa mkubwa wao.

Mwaka uliofuata kijana huyo aliwekwa kwa tabibu mmoja wa mjini, Bingham Borlase, ili ajifunze kazi ya uganga na kuchanganya dawa. Hakuwahi kusoma chuo kikuu. Kemia aliianza mwishoni mwa mwaka 1797 kwa kusoma mwenyewe kitabu cha Mfaransa Antoine Lavoisier, na majaribio yake ya mwanzo aliyafanya kwa vyombo vya kuokotezaokoteza.

Mwaka 1798, akiwa hajatimiza miaka 20, alichukuliwa na Dk. Thomas Beddoes wa Bristol kufanya kazi katika taasisi iliyochunguza kama gesi zinaweza kutibu maradhi ya mapafu. Kazi ya Davy ilikuwa kuzitengeneza gesi hizo, na mara nyingi alizivuta mwenyewe ili aone zinamfanya nini.

Hapo ndipo alipoichunguza nitrasi oksaidi, ambayo watu wengi huiita gesi ya kuchekesha. Katika kitabu alichokichapisha mwaka 1800 alieleza kwamba gesi hiyo inaondoa maumivu na kwamba huenda ingefaa katika upasuaji. Madaktari hawakulifanyia kazi wazo hilo hadi miaka ya 1840.

Majaribio hayo nusura yamuue. Siku moja alivuta mchanganyiko wa haidrojeni na kaboni monoksaidi, gesi ileile yenye sumu inayotoka kwenye jiko la makaa lililofungiwa chumbani. Alianguka na kukaribia kukata roho. Mtu aliyekuja kuwa maarufu kwa usalama wa gesi alianza kazi akiwa hajali kabisa usalama wake mwenyewe.

Umeme na haidrojeni

Mwaka 1801 Davy alihamia London katika taasisi ya Royal Institution, iliyokuwa imeanzishwa miaka miwili tu kabla. Mihadhara yake ilijaza ukumbi. Watu wa tabaka la juu walifika na magari yao ya farasi kumsikiliza kijana wa Cornwall akieleza kemia kwa lugha nyepesi, huku majaribio yakifanyika mbele ya macho yao.

Mwaka mmoja kabla ya hapo Mtaliano Alessandro Volta alikuwa ametangaza betri ya kwanza. Davy alitambua mapema kwamba umeme unaweza kuzitenganisha dutu zilizoshikana. Mwaka 1806 alionyesha kwamba maji safi yakipitishiwa umeme hutoa vitu viwili tu, haidrojeni upande mmoja na oksijeni upande wa pili. Wengine walikuwa wameona asidi na alkali zikitokea, na yeye alithibitisha kwamba hizo zilitokana na uchafu wa vyombo na hewa.

Mwaka 1807 alitumia njia hiyohiyo kupata metali mbili ambazo hakuna mtu aliyewahi kuziona, potasiamu na sodiamu. Mwaka 1808 alifuatisha kalsiamu, magnesiamu, bariamu na strontiamu. Mkulima anayesoma maandishi kwenye mfuko wa mbolea ya NPK na kukuta herufi K ya potasiamu anasoma jina la metali iliyopatikana kwanza katika chumba cha Davy.

Mitambo mikubwa inayojengwa siku hizi ili kupata haidrojeni kwa umeme wa jua, upepo au jotoardhi inafanya jambo lilelile: inapitisha umeme katika maji.

Samadi ndani ya chupa

Katika miaka hiyohiyo Davy alikuwa na mwajiri mwingine, Bodi ya Kilimo ya Uingereza. Kuanzia mwaka 1803 alitoa mihadhara kwa ajili ya bodi hiyo kwa takriban miaka 10, na mwaka 1813 akaichapisha kuwa kitabu kuhusu kemia ya kilimo. Kitabu hicho kilisomwa sana kwa muda mrefu katika nchi nyingi.

Alifundisha namna ya kupima udongo kwa vifaa vichache ambavyo mwenye shamba angeweza kuwa navyo. Alieleza kazi ya chokaa katika udongo wenye asidi. Katika utafiti wake kuhusu ngozi alionyesha kwamba katu, ileile inayotiwa katika tambuu, inaweza kufanya kazi ya magamba ya mwaloni katika kutengeneza ngozi, tena kwa kiasi kidogo zaidi.

Jaribio lake linaloigusa zaidi Pemba ni la Oktoba 1808. Alijaza samadi ya ng'ombe iliyokuwa imeanza kupata moto katika chupa ya kioo yenye shingo ndefu, kisha akaikusanya gesi iliyotoka. Alikuta sehemu kubwa ni kaboni dioksaidi, na sehemu iliyobaki ilikuwa na gesi inayowaka, ambayo leo inaitwa methani. Hicho ndicho kinachotokea ndani ya mtambo wa biogesi.

Chupa nyingine ya namna hiyo aliielekeza shingo yake chini ya mizizi ya majani ya bustani. Kabla ya wiki kwisha majani ya mahali pale yalikuwa yamestawi kuliko ya pembeni. Aliwashauri wakulima wasiiache samadi ioze hadi iishe nguvu kwenye lundo, kwani kinachopotelea hewani ni chakula cha mimea. Ushauri huo unasikika hadi leo katika mafunzo ya mabwana shamba.

Wakati huo Davy hakujua kwamba gesi inayowaka aliyoiona kwenye samadi ingemrudia miaka saba baadaye kwa sura nyingine.

Vifo vya Felling

Mei 25, 1812 mgodi wa makaa ya mawe wa Felling, karibu na Newcastle, kaskazini mwa Uingereza, ulilipuka. Watu 92 walikufa, wanaume na watoto. Chanzo kilikuwa methani iliyovuja kutoka kwenye makaa, ikachanganyika na hewa, kisha ikakutana na moto wa taa.

Gesi hiyo ilikuwa adui wa kila siku wa wachimbaji. Bila mwanga hawakuweza kufanya kazi, na mwanga wa siku hizo ulikuwa mshumaa au taa ya mafuta yenye utambi wazi. Mahali palipojulikana kuwa na gesi nyingi walijaribu njia nyingine. Wengine walizungusha gurudumu la chuma dhidi ya jiwe la gumegume ili lirushe cheche zenye mwanga hafifu, njia ambayo nayo iliwahi kuwasha gesi. Wengine walitumia magamba ya samaki waliooza, ambayo hutoa mng'ao hafifu gizani.

Baada ya Felling, wachungaji, madaktari na watu wengine wa kaskazini waliunda chama cha kuzuia ajali za migodini. Daktari mmoja wa eneo hilo, William Reid Clanny, alikuwa tayari ametengeneza taa iliyopulizwa hewa kupitia maji, lakini ilikuwa nzito na ilihitaji mtu wa kuipuliza. Mwaka 1815 chama hicho kilimwendea Davy.

Wakati huo alikuwa mtu mashuhuri. Mwaka 1812 alipewa cheo cha Sir, na mwaka huohuo alimwoa mjane tajiri, Jane Apreece. Mwaka huo pia aliumia macho pale kemikali inayolipuka ilipompasukia maabarani, ajali iliyochangia kumfanya amchukue kijana aliyeitwa Michael Faraday amsaidie. Faraday baadaye akawa mwanasayansi mkubwa pengine kumzidi mwajiri wake.

Wavu uliozuia moto

Agosti 1815 Davy alifika Newcastle, akazungumza na msimamizi wa migodi John Buddle, akaagiza apelekewe London chupa za gesi ya mgodini. Kazi aliyoifanya kuanzia hapo ilichukua wiki chache tu.

Kwanza alipima ni kiasi gani cha gesi kinachohitajika ili hewa ilipuke. Kisha akagundua jambo ambalo ndilo msingi wa yote yaliyofuata: mlipuko wa gesi hiyo hauwezi kupita katika mrija mwembamba wa chuma. Gesi ili iwake inahitaji joto la kiwango fulani. Mwali unapoingia katika upenyo mwembamba, chuma kilichouzunguka kinanyonya joto lake upesi, kama kijiko cha chuma kinavyochukua joto la chai, na mwali unazimika kabla ya kutokea upande wa pili.

Novemba 9, 1815 alieleza matokeo hayo mbele ya Royal Society, jumuiya ya wanasayansi ya London. Mwishoni mwa mwaka alipata njia rahisi zaidi. Badala ya mirija alitumia wavu wa waya uliofumwa mfano wa chekeche, wenye nyaya kama 28 katika kila inchi, sawa na matundu 784 katika inchi moja ya mraba. Kila tundu lilifanya kazi ya mrija mmoja mfupi.

Taa yenyewe ilikuwa ya kawaida, yenye mafuta na utambi, ila mwali wake ulizungukwa pande zote na wavu huo. Hewa iliingia na mwanga ukatoka. Gesi nayo iliingia, lakini ilipowaka iliwakia ndani, na moto haukuweza kuufuata mkondo wa gesi kurudi nje.

Januari 1816 taa hizo zilijaribiwa katika mgodi wa Hebburn, mahali penye gesi ya kweli, na zikafaulu. Zaidi ya kutolipua, zilitoa onyo. Penye methani mwali ulirefuka na kuvikwa taji la buluu, na mahali hewa ilipokuwa imechoka ulififia au kuzimika. Mchimbaji mwenye uzoefu alijifunza kuisoma hewa kwa kuitazama taa.

Mwaka uliofuata Davy alitangaza jambo jingine. Waya mwembamba wa platinamu uliopashwa moto na kuwekwa katika gesi iliyochanganyika na hewa huendelea kung'aa bila kuwepo mwali wowote, kwa kuwa gesi inaungua taratibu juu ya uso wa metali. Vipimo vingi vya kugundua gesi inayowaka katika viwanda vya leo vinatumia kanuni hiyo.

Hataza aliyoikataa

Buddle alimshauri Davy achukue hataza ya taa yake, jambo ambalo lingemletea fedha nyingi. Davy alikataa, akaiacha taa itengenezwe na yeyote. Kwa hiyo ilisambaa upesi katika migodi ya Uingereza, Ubelgiji, Ufaransa na Ujerumani bila mchimbaji wala mwenye mgodi kulipia haki ya kuitumia. Mwaka 1817 wenye migodi walimpa zawadi ya vyombo vya fedha. Vyombo hivyo baadaye viliyeyushwa na kuuzwa ili kugharimia nishani ya Davy, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1877 na ambayo bado hutolewa kwa wakemia.

Hata hivyo, ukarimu huo ulikuwa na upande wake wa pili. George Stephenson, fundi wa mashine katika mgodi wa Killingworth ambaye baadaye alipata sifa kwa treni zake, alikuwa ametengeneza taa ya usalama kwa njia yake mwenyewe na kuijaribu mgodini Oktoba 1815, wiki chache kabla ya Davy kusoma maelezo yake London. Stephenson alijifunza kusoma na kuandika akiwa mtu mzima. Davy hakukubali kwamba fundi wa namna hiyo angeweza kuligundua jambo hilo bila kuliiba.

Watu wa Newcastle hawakuridhika. Stephenson alikuwa amepewa guinea 100 tu, nao wakamchangia pauni 1,000 na kutetea haki yake. Ushahidi uliopo unaonyesha kwamba kila mmoja alifika kwa miguu yake. Davy, aliyetoka katika nyumba yenye madeni na kujisomea mwenyewe, alishindwa kumtambua mtu aliyepita njia iliyofanana na yake.

Taa ilipozaa hatari mpya

Ingetarajiwa kwamba baada ya mwaka 1816 vifo vingepungua. Haikuwa hivyo. Kamati ya Bunge la Uingereza iliyochunguza ajali za migodini mwaka 1835 ilielezwa kwamba katika majimbo ya Durham na Northumberland watu 447 walikufa katika miaka 18 kabla ya taa kuanza kutumika, na 538 katika miaka 18 iliyofuata.

Sehemu ya ongezeko hilo ilitokana na wingi wa wachimbaji na urefu wa mashimo. Lakini taa yenyewe ilikuwa na mkono wake. Wenye migodi walizifungua tena sehemu zilizokuwa zimeachwa kwa ajili ya gesi, kwa hoja kwamba sasa ipo taa. Fedha ambazo zingetumika kuchimba mashimo ya kupitisha hewa hazikutumika. Makaa yaliongezeka sokoni, na wachimbaji walifanya kazi katika gesi ambayo zamani ingewafanya wakimbie.

Taa nayo ilikuwa na mipaka yake. Upepo mkali wa mgodini uliweza kuusukuma mwali ukapenya wavu. Wavu ulioachwa ndani ya gesi kwa muda ulipata moto hadi kuwa mwekundu, na ulioliwa na kutu au kutoboka mahali pamoja haukuwa na faida tena. Mwanga wake ulikuwa hafifu kuliko wa mshumaa, kwa hiyo wachimbaji waliolipwa kwa kiasi cha makaa walichotoa walishawishika kuufungua wavu ili waone vizuri. Marekebisho ya baadaye yaliongeza kioo, kinga ya upepo na kufuli ambalo mchimbaji hakuweza kulifungua akiwa chini.

Davy mwenyewe hakuishi kuiona ripoti ya kamati hiyo. Mwaka 1820 alichaguliwa kuwa rais wa Royal Society. Mwaka 1824 alijaribu kuzuia shaba iliyofunika meli za kivita isiliwe na maji ya chumvi, kwa kuifungia vipande vya metali nyingine. Shaba ilipona, lakini makombe na majani ya baharini yakang'ang'ania meli na kupunguza mwendo wake, hivyo jeshi la majini likaacha mpango huo. Kanuni yake inatumika leo kuzuia kutu kwenye meli na mabomba ya chuma.

Afya yake ilivunjika kwa kiharusi, akajiuzulu urais mwaka 1827, na akafariki Geneva, Uswisi, Mei 29, 1829 akiwa na umri wa miaka 50. Hakuacha mtoto. Karafuu zilikuwa bado ngeni Visiwani wakati huo.

Haidrojeni si methani

Zaidi ya karne mbili baadaye, kanuni ya Davy imo katika taa za umeme zinazofungwa katika mitambo ya gesi. Taa ya aina hiyo haizuii gesi kuingia ndani yake. Kasha lake ni imara, na viungo vyake vimechongwa ili nafasi iliyopo kati ya chuma na chuma iwe nyembamba na ndefu. Gesi ikiingia na kulipuka ndani, kasha linahimili, na moto unaotaka kutoka unapoa ndani ya upenyo huo kabla ya kufika nje. Ni wavu wa Davy kwa umbo jingine.

Tofauti iko kwenye aina ya gesi. Methani huwaka ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa, haidrojeni huwaka kuanzia asilimia 4 hadi 75. Cheche inayoweza kuiwasha haidrojeni ina nguvu chini ya moja ya kumi ya ile inayoiwasha methani. Mwali wa methani huzimika katika upenyo wa milimita 2 hivi, ilhali ule wa haidrojeni hupenya hadi upenyo upungue na kufikia karibu milimita 0.6. Kwa hiyo taa inayofaa kwa methani si lazima ifae kwa haidrojeni. Katika viwango vya kimataifa haidrojeni imewekwa pamoja na asetilini katika kundi lenye masharti makali zaidi, linaloandikwa IIC kwenye kibandiko cha taa.

Jambo hili limeshafika Afrika Mashariki. Kenya ilizindua mkakati wake wa haidrojeni ya kijani Septemba 2023, na mbolea ni moja ya malengo yake makuu, kwa kuwa amonia inayotengenezwa kwa haidrojeni ndiyo msingi wa urea na mbolea nyingine za naitrojeni. Mahali ambapo bei ya mbolea hupanda kila meli inapochelewa, mkulima ana sababu ya kuufuatilia mkakati huo. Mtambo wa namna hiyo ukijengwa, taa zake si jambo la fundi kununua dukani kwa kuangalia bei.

Yanayoihusu Pemba

Pemba haina haja ya kusubiri mtambo mkubwa ili ikutane na haidrojeni. Betri ya maji inapochajiwa, hasa inapokaribia kujaa, huchambua maji yaliyomo ndani yake na kutoa haidrojeni na oksijeni, kama Davy alivyoonyesha mwaka 1806. Hadi mwaka 2010 kisiwa kilitegemea majenereta ya dizeli ya Wesha, na mwaka huo kikaunganishwa na Tanga kwa waya wa chini ya bahari. Hata hivyo, betri za sola bado ni tegemeo katika vijiji na kwenye maduka ya kuchaji simu.

Gesi hiyo haina rangi wala harufu, na ni nyepesi mno, hivyo hupanda na kujikusanya chini ya dari. Chumba cha betri kinahitaji matundu karibu na paa, na taa isitundikwe pale juu gesi inapojikusanya. Swichi ikae nje ya mlango. Chaja izimwe kabla ya kuchomoa nyaya, kwani cheche ndogo ya kwenye nguzo za betri inatosha kuiwasha. Kibatari, chemni au karabai visiingie kabisa.

Mwenye mtambo wa biogesi anashughulika na methani, gesi ileile iliyoua watu wa Felling. Uvujaji utafutwe kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti, na mtu asiingie ndani ya shimo la mtambo hata likionekana tupu, kwa kuwa humo mna pia gesi zinazoua bila moto. Petroli na gesi ya mtungi ni kinyume: mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni na kutuama mabondeni, kwa hiyo matundu yanayohitajika ni ya chini. Mafuta ya makonyo yanayokenekwa kiwandani Wawi yanawaka pia, lakini katika joto la kawaida hayatoi mvuke wa kutosha kushika moto kama petroli. Kila kitu kina kipimo chake, na Davy alianza kwa kupima.

Taa zilizothibitishwa kwa ajili ya gesi ni ghali kwa mfugaji au mwenye duka. Ipo njia ya bei nafuu inayotumika hata viwandani, nayo ni kuiweka taa nje ya chumba na kuuacha mwanga upite kwenye kioo kisichofunguka na kilichozibwa vizuri ukingoni. Cheche ikitokea, inatokea mahali pasipo na gesi.

Kabla ya hiyo yote inakuja hewa. Wenye migodi wa Durham walinunua taa wakaacha kupitisha hewa, na hesabu ya mwaka 1835 ikaonyesha gharama yake. Tundu la ukutani kwa mafundi wa Pemba ni kazi ya nusu siku, na chumba kinachopitisha hewa vizuri hakipi gesi nafasi ya kujikusanya hadi kufikia kiwango cha kuwaka. Taa nzuri inunuliwe baada ya tundu hilo kuwepo.